Jeneza Lisilo na Mfiwa

Simu iliyofungwa kwenye usukani wa Boxer iliwaka.

Hasi 66.

Dakika kumi nyuma ilikuwa hasi 71. Khalfani Pazi alitukana kimoyomoyo, akaipenyeza pikipiki kati ya malori mawili Barabara ya Mandela, akatokea upande wa pili huku utingo mmoja akimpigia mluzi wa kumlaani.

"Fundi, hapa Kawe," sauti ya mwanamke ilisema sikioni mwake. "Umeiona?"

"Nimeiona, mama. Wamefungua boksi."

"Kwa nini walifungue?"

"Ili wahakikishe wameiba walichoiba. Washamba hawa."

"Mnara wa simu?"

"Buguruni. Upande wa Malapa."

"Ndege yao ya kukodi inaruka saa kumi na moja. Na usipige risasi karibu na vichupa."

"Sina mpango wa kupiga risasi, mama. Hawajafikia hadhi hiyo."

Demetria, mkuu wake, akakata simu. Mama huyo aliendesha kitengo chake kutoka nyumba ya kawaida kabisa kule Kawe, yenye kibao cha mbwa mkali getini na isiyo na mbwa. Hakuwa mtu wa kuaga.

Mwizi mwenye tamaa ya kawaida huiba dhahabu. Hawa walikuwa wameiba maji ya matumbo ya watu. Vichupa mia tatu na kumi na viwili vya maji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwa wagonjwa, pamoja na dawa za kupimia ambazo Dkt. Kokushubila alizihangaikia miaka saba katika maabara yake ndogo Temeke. TB ya kifua hukohoa, ikajitangaza yenyewe. TB ya tumbo ni mnafiki. Inavimbisha kama saratani, inakondesha kama ini bovu, na mara nyingi daktari hawezi kuiapia mpaka ampasue mtu. Kokushubila alikuwa amezipata protini tatu. Zikipanda zote tatu kwenye maji ya tumbo, ni TB. Zisipopanda, tafuta mchawi mwingine.

Bila kisu. Kwa saa mbili tu.

Kulikuwa na kampuni moja ng'ambo iliyokitafuta kitu hichohicho miaka kumi, ndani ya majengo marefu ya vioo, ikaambulia patupu. Waliposhindwa kufikiri, wakaamua kuiba. Wakamtuma bwana mmoja aitwaye Vens, mwenye suti mbili na hati za kusafiria tatu. Vens akamnunua Wilbert.

Wilbert ndiye aliyekuwa akishughulikia usafiri na manunuzi pale maabara. Alfajiri ile alilitoa boksi kwenye friji kubwa, akang'oa kifaa cha kulifuatilia, akakitupa mtaroni, akajiona mjanja kuliko sungura. Lakini chini ya mfuniko kulikuwa na kipimajoto kidogo kama kiberiti, chenye laini yake ya simu, kinachotuma ujumbe kila baada ya dakika kumi. Hicho hakukijua. Na ni yeye aliyesaini karatasi za kukinunua! Hakuzisoma.

"Barafu kavu itayeyuka," Kokushubila alikuwa amemwambia Khalfani asubuhi, macho mekundu kwa kulia na kwa hasira. "Ikipanda ikavuka hasi arobaini, protini zangu zinaanza kukatikakatika. Hapo hata ukilipata boksi, utakuwa umeniletea maji ya kuoshea vyombo."

Kisha akampeleka wodini akamwonyeshe mtu mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imekwisha, tumbo limejaa kama la mja mzito wa miezi minane. Aliitwa Salma, muuza vitumbua wa Malapa.

"Wewe ndiye daktari mpya?" aliuliza.

"Hapana, dada. Mie natafuta kitu kilichoibiwa."

"Maji yangu."

"Na ya wengine."

"Ya wengine siyajui." Alivuta pumzi kwa shida. "Juzi wamenitoa lita nne. Daktari Koku kasema sitoboleki tena, damu imeniisha. Kuna madaktari wanasema saratani, wanataka kunipasua keshokutwa. Koku anasema nikilala kwenye kile kitanda siamki."



"Mtaani wanasema nina mimba," Salma akaendelea. "Mie! Mjane wa miaka mitatu, mimba! Mawifi wamenichukulia binti yangu, eti asilelewe na malaya. Sasa hayo maji ndiyo shahidi wangu, kaka. Sina mwingine. Ukipita kwetu Malapa waambie hii siyo mimba. Waambie mie ndiye niliyekutuma, sioni haya."

Hakumwahidi chochote. Katika kazi ile, wenye kuahidi ama hufa mapema ama huoa. Lakini neno la yule mwanamke lilipanda naye pikipiki, na halikuwa limeshuka mpaka saa hii anaingia Buguruni.

Hasi 61.

Aliegesha pikipiki kando ya msikiti mdogo wa mtaani. Mnara wa simu ulimwambia boksi liko humu, ndani ya nusu kilomita. Nusu kilomita ya Malapa ina nyumba zisizo na idadi na vichochoro ambavyo hata bajaji haziingii. Kuligonga kila geti ilikuwa kazi ya wiki. Kwa hiyo alifanya kile ambacho Vens na mashine zake asingekifanya kamwe. Alimwendea mzee.

Mzee Fakihi, imamu wa msikiti ule, alikuwa akijaza maji kwenye makopo ya kutawadhia huku akinung'unika peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuazima kitu?"

"Nani kaazima?"

"Kuna kijana mmoja hapo nyuma, kapanga nyumba ya marehemu Bi Tatu wiki hii hii. Kaja saa saba, kafiwa na mjomba, anataka jeneza. Nikampa pole, nikampa jeneza." Mzee aliliweka kopo chini kwa kishindo. "Namuuliza, waoshaji umepata? Ananitolea macho. Sanda? Anasema atanunua. Kaburi limechimbwa wapi? Anasema wanafanya mpango. Mpango! Maiti ana mpango gani? Kalibeba jeneza kama mtu aliyekodi viti vya harusi."

"Kijana mwenyewe mnene kidogo, ana mwanya?"

"Huyohuyo. Unamjua?"

"Namjua, mzee," Khalfani akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akatabasamu.

Sasa alilielewa lote. Boksi lile lilikuwa refu, zito kama mtu mzima, na linafuka moshi mweupe. Gari haliingii vichochoroni. Kulibeba mchana kweupe hadi barabarani, Buguruni nzima ingeuliza kuna nini. Ila jeneza haliulizwi. Hata polisi wakiliona wanavua kofia. Wilbert alikuwa ameupata ujanja wake wa maisha.

Tatizo la Wilbert ni kwamba alikuwa ameishi Dar miaka kumi na mitano bila kwenda msibani. Jirani akifiwa, yeye hutuma rambirambi kwa simu, akaongeza na picha ya mshumaa. Jeneza likipita alikuwa akilitazama kupitia kioo cha gari kilichofungwa. Kwa hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo mtoto wa darasa la kwanza wa Malapa analijua, na yeye halijui.

"Fundi, hapa Kawe. Nikuletee kikosi?"

"Wangoje barabarani, mama. Lazima gari lao limeegeshwa pale, wamkamate dereva kimyakimya. Huku ndani nina watu."

"Una watu wangapi?"

"Buguruni nzima," alisema Khalfani, akavua viatu aingie kuswali Alasiri.

Jeneza lilitoka kichochoroni saa kumi kasoro robo, wakati watu wakitoka msikitini.

Aibu tupu. Wabebaji walikuwa wanne, wote wamevaa miwani ya jua, wote wana vifua vya walinzi wa baa. Kanzu zao zilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Hakuna mwanamke anayelia nyuma ya nyumba, hakuna mkeka, hakuna hata kiti. Wilbert alitangulia mbele akipangusa jasho. Nyuma alifuata Vens mwenyewe, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, kofia imekaa kichwani kama mfuniko wa sufuria. Walikwenda polepole, kwa huzuni waliyojifunza kwenye sinema.

Maiti habebwi polepole. Maiti wa Kiislamu anaharakishwa.

Khalfani alitoka kwenye baraza ya msikiti, akamfikia mbebaji wa mbele kulia, akaingiza bega.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nipokee, ndugu yangu."

"Tunatosha," yule mtu akasema kwa meno.

"Unatosha nini? Thawabu zinatosha?" Khalfani akapaza sauti. "Jamani! Jamani, jeneza lina watu wanne tu! Njooni tumsitiri ndugu yetu!"

Wakaja. Mafundi cherehani waliacha mashine, muuza mihogo akaacha kikaango, vijana waliokuwa wanabishana habari za mpira wakaacha ubishi katikati. Kila mwanamume wa pwani anajua kwamba jeneza likikupita, unainuka, unabeba hatua saba au kumi, unampokeza mwenzako. Humjui marehemu? Haikuhusu. Siku yako nawe utabebwa na usiowajua. Mabega yaliingia, mabega yakatoka. Wale wabebaji wa kukodi walijikuta nyuma kabisa ya msafara, mikono mitupu, miwani imepinda, wakitazamana.

"La ilaha illallah!" sauti zikapanda, na jeneza likashika mwendo.

"Wanakwenda wapi?" Vens aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi na cha kipuuzi. "Bwana Wilbert, wanalipeleka wapi?"

"Upande huu!" Wilbert alikuwa akikimbia pembeni, akipunga mikono kuelekea barabarani. "Jamani, gari liko huku! Huku!"

"Gari la nini?" mzee mmoja akamjibu bila kugeuka. "Maiti hajaswaliwa, unampakia garini? Kwenu wapi wewe?"

Hasi 52.

Njia ilipogawanyika, barabara kushoto, msikiti kulia, jeneza lilikwenda kulia kwa kasi kama lina injini. Walizunguka wakaingia ua wa msikiti. Likashushwa taratibu. Watu wakaanza kupanga safu.

Hapo ndipo upepo ulipoinua kitambaa cha kijani, na moshi mweupe ukachuruzika chini ya jeneza, ukatambaa juu ya sakafu.

"Mungu wangu, maiti anafuka!"

Safu ya mbele ikarudi nyuma hatua mbili. Mzee Fakihi hakurudi. Alisimama pale alipo, mikono nyuma, akawageukia wafiwa kama hakimu.

"Kabla sijaswalisha," alisema, "lazima nijue pa kusimama. Mwanamume nasimama kichwani, mwanamke nasimama katikati. Nani mfiwa hapa?"

Wilbert alisukumwa mbele.

"Maiti wako ni mwanamume au mwanamke?"

Swali jepesi hilo. Hata aliyerukwa na akili kwa msiba analijibu. Lakini Wilbert alikwisha kusahau alichosema saa saba. Alitazama jeneza, akatazama moshi, akatazama mlango.

"Mwanamke," alisema.

"Mwanamume," walisema wabebaji wawili wakati huohuo.

"Ni babu," akasema Vens, ili kusaidia.



"Subhanallah," mzee Fakihi akasema polepole. "Mjomba wako wa saa saba sasa amekuwa shangazi?"

Vens alichagua bastola. Glock nzuri, mpya, ya bei mbaya. Ila alikuwa ameichomeka kiunoni, chini ya kanzu, na mtu aliyevaa kanzu hafiki kiunoni mpaka aipandishe kwanza kama mama anayevuka mto. Aliinama, akashika pindo, akavuta. Magoti meupe yakatokea. Soksi ndefu zikatokea. Mtu nyuma akacheka. Mkono ulipoufikia mpini, Khalfani alikuwa tayari amempiga kiganja kwa kopo la kutawadhia lililojaa maji.

Mfupa ulilia. Glock ikateleza sakafuni ikatumbukia kwenye mfereji wa udhu.

Khalfani alimkanyaga Vens mgongoni kwa mguu usio na kiatu.

"Miaka kumi maabara," alimwambia, "na hamjajifunza kuuliza swali kabla ya kufanya jaribio."

Wabebaji walikimbia, wakakamatwa kabla ya kona ya pili. Wilbert hakukimbia. Alikaa chini akalia, na kilio chake ndicho kilikuwa kilio cha kwanza cha kweli katika msiba ule. Watu walianza kuokota mawe.

"Acheni!" Khalfani alipaza sauti, akaonyesha kitambulisho. "Namtaka akiwa na ulimi. Hayo mawe yawekeni chini."

"Wamelichezea jeneza letu!"

"Wamechezea zaidi ya jeneza. Humu ndani hamna maiti. Mna maji waliyotolewa wagonjwa tumboni, watu mia tatu na kumi na wawili. Mmoja wao amenituma kwenu."

Mawe yakaanza kudondoka mikononi.

"Salma. Muuza vitumbua."

Hapo macho yalitafuta pa kwenda. Nje ya ukuta wanawake walikuwa wamejaa getini, na mmoja alijifunika mdomo kwa khanga.

"Anasema siyo mimba. Daktari anahisi ni TB ya tumbo, na ushahidi ni maji yake humu ndani. Nyie mmekwisha kumhukumu tangu mwezi wa nne, bila maji wala shahidi. Hongereni. Keshokutwa watampasua, na akipasuliwa atakufa. Na haya maji yakiyeyuka, hakuna wa kumtetea tena." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakuwaonea huruma, na hakujisumbua kuficha.

Simu ikalia. Ilikuwa Kokushubila.

"Khalfani, nina barafu kavu, nimepita Tazara lakini foleni imeganda! Hata pikipiki hazipiti. Imefika ngapi?"

"Hasi arobaini na saba."

"Basi imekwisha," daktari alisema, akaanza kulia.

Khalfani alipima umbali kichwani mwake. Kilomita moja na nusu. Boksi la kubebwa na watu wanne. Kikosi cha Demetria kilikuwa na gari, na gari lingekwama vilevile.

Mzee Fakihi aliinama, akakirudisha kitambaa cha kijani juu ya jeneza, akakinyoosha pembe kwa pembe.

"Kumbeba aliyekufa ni thawabu," alisema. "Kumbeba aliye hai je? Mnangoja nini? Beba!"

Wakabeba.

Walitoka Malapa wanaume sitini, wakafika Mandela wakiwa mia na zaidi. Malori yalizima injini. Madereva walishuka kwenye foleni, wakaingiza bega hatua kumi, wakarudi kwenye magari yao. Makondakta na wapakia mbao nao waliingia, na kijana mmoja mwenye msalaba shingoni akabeba hatua hamsini, akakataa kupokewa. Hakuna aliyepiga honi. Khalfani alikimbia mbele pekupeku, simu mkononi.

Hasi 44.

Fundi seremala mmoja alianguka, mwingine akachukua nafasi yake kabla jeneza halijayumba.

Hasi 42.

"Pale!" mtu akapiga kelele. Juu ya pikapu ya bluu alisimama mwanamke mwenye koti jeupe, ndoo za barafu kavu miguuni, akipunga mikono yote miwili.

Jeneza zima, boksi likiwa ndani, lilipandishwa kwenye pikapu. Kokushubila akamimina barafu kwa koleo, moshi ukamfunika mpaka kiunoni. Watu zaidi ya mia walisimama barabarani wakihema.

Simu ikatetemeka.

Hasi 41.

Dakika kumi zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko mchana wote. Simu ikatetemeka tena.

Hasi 58.

"Nyuzi moja, Khalfani!" daktari alisema, anacheka na kulia. "Tulibakiwa na nyuzi moja!"

"Moja inatosha, daktari."

Jioni hiyo, katika nyumba isiyo na mbwa kule Kawe, Vens aliomba wakili, kisha daktari wa mkono, kisha maziwa kwenye chai. Aliletewa daktari. Wilbert alikuwa chumba cha pili, anataja majina bila kuulizwa, na Demetria ilibidi amwombe aende taratibu, karani anaandika.

Siku ya pili asubuhi Khalfani alipita wodini. Hakuwa na sababu ya kikazi.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye khanga mpya, ameshika chupa ya uji, hathubutu kuingia. Ubavuni kwake kulikuwa na binti wa miaka sita.

"Wewe ndiye wifi?" Khalfani alimuuliza.

"Ndiye mimi, kaka. Sijui nimwambie nini."

"Usimwambie kitu. Ushasema mengi. Mpe mtoto."

Binti alikwisha kukimbia ndani. Salma alikuwa amekaa, mto mgongoni, vidonge vyekundu vya kwanza kwenye kisahani pembeni. Alimkumbatia mwanawe muda mrefu, kisha akainua macho.

"Zimepanda zote tatu," alisema. "Koku kaniambia. TB. Miezi sita ya vidonge, na hakuna kisu." Akatikisa kichwa. "Nimefurahia TB, kaka. Nani aliwahi kufurahia TB?"

"Hongera."

"Nasikia maji yangu yalibebwa kwenye jeneza."

"Yalibebwa."

"La pale kwa mzee Fakihi? Lilelile lililombeba mume wangu?"

"Lilelile."

"Na waliobeba ni haohao wa Malapa, waliosema ya kusema?"

"Haohao. Mpaka wakaanguka."

Salma aliupitisha mkono juu ya tumbo lake taratibu.

"Basi mie nimeshabebwa," alisema, "na nimerudi. Watanisubiri sana hiyo zamu ya pili."

Akacheka, cheko dogo la mtu aliyelisahau, na mtoto naye akacheka bila kujua kwa nini.

Khalfani aliweka miwani usoni na kutoka. Pale mlangoni wifi bado alikuwa ameshika chupa ya uji. Alimpita bila kumtazama, akashuka ngazi, akaipungia mkono pikapu ya bluu iliyokuwa imepakia jeneza imfuate, akapiga kiki Boxer.

"Fundi, hapa Kawe. Uko wapi?"

"Nakwenda Buguruni, mama."

"Kuna nini tena huko?"

"Kuna jeneza la watu, liliazimwa halijarudishwa."